UZI: Wingi wa maneno ya Kiingereza yaliyoungana na majina ya kampuni. Tuyaweke sawa hapa

Mtafsiri wa Kampemba

Jambo yenu bandugu wa Lubumbashi na kokote mliko. Kazi yangu ni kutafsiri hati za biashara, nyingi kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, kwa sababu mizigo yetu inapita Zambia na wenzetu wa upande ule wanasoma Kiingereza. Mara nyingi naletewa hati ambayo mtu ameshaitafsiri mwenyewe, anataka niipitie tu. Kosa linalorudi kuliko yote si nyakati za vitenzi. Ni wingi. Watu wenye shahada zao, wanaosimama mbele ya wageni wakazungumza bila kukwama, wanaandika "secretaries generals" na "a thirty-tonnes truck". Nimeona tufungue uzi, kila mwenye swali alilete.

Nianze na hati iliyo mezani kwangu sasa hivi, mwenyewe simtaji. Ni orodha ya nyaraka za shehena. Mstari wa kwanza: "3 bill of ladings". Wa pili: "2 certificate of origins". Wa tatu: "2 letter of credits". Chini kabisa: "2 power of attorneys". Aliyeandika anajua vizuri kwamba Kiingereza huweka s mwishoni, basi kaipeleka mwishoni mwa kila mstari. Lakini mwisho wa nini?

Kabla hujaandika s, jiulize unahesabu nini. Katika mstari wa kwanza unahesabu hati. Hati hapo ni "bill". "Of lading" inaeleza tu hati hiyo ni ya nini, ni ya kupakia mzigo. Kwa hiyo s inakwenda kwa "bill": "bills of lading". Vivyo hivyo "certificates of origin", kwa sababu vyeti ni viwili, asili ya mzigo haihesabiwi. "Letters of credit". "Powers of attorney". Wanaoandika zabuni za ujenzi wana "bill of quantities", ambayo ina wingi ndani yake tangu ikiwa moja, maana ndani kuna vipimo vingi. Zikiwa mbili unaandika "bills of quantities", na ile s ya mwisho inabaki ilipokuwa.

Hapa Kifaransa chetu kinatusaidia, tusikidharau. Hakuna Mkongomani aliyesoma anayeandika "arc-en-ciels". Tunaandika "arcs-en-ciel" bila kuwaza, kwa sababu mwalimu wa shule ya msingi alitufundisha kwamba yanayohesabiwa ni mapinde. Kiingereza kinawaza vilevile kwa "mothers-in-law", "commanders-in-chief" na "points of entry".

Lakini kuna mahali Kifaransa na Kiswahili vyote viwili vinatuangusha, na hapo ndipo "secretaries generals" inapozaliwa. Nangoja walimu waje waeleze.

Mwalimu wa Katuba

Aksanti kwa uzi huu, ndugu. Nafundisha Kiingereza sekondari, na hilo la "generals" nalisahihisha mwaka hadi mwaka.

Sisi tunasema katibu mkuu, makatibu wakuu. Kivumishi kinafuata jina lake. Kifaransa nacho: "secrétaire général", "secrétaires généraux". Lugha mbili tulizolelewa nazo zinataka maneno yote mawili yabadilike. Kiingereza hakina desturi hiyo. Kivumishi chake hakiguswi na wingi hata kidogo: "one big mine, ten big mines". Kwa hiyo kwenye "secretary general" lazima kwanza umtambue nani ni jina na nani ni kivumishi. "General" hapo ni kivumishi. Jina ni "secretary". Wingi wake ni "secretaries general", na "general" inabaki ilivyo. Kwa kanuni hiyohiyo unapata "directors general", "attorneys general", "notaries public", "courts martial".

Wanafunzi huniuliza kwa nini kivumishi kimewekwa nyuma wakati Kiingereza kwa kawaida hukiweka mbele. Jibu liko katika historia. Mwaka 1066 Wanormandi waliivamia Uingereza wakaitawala, na kwa karne kadhaa baada ya hapo lugha ya mahakama na ya utawala ilikuwa Kifaransa. Vyeo vya sheria na vya serikali vikaundwa kwa mpangilio wa Kifaransa, jina mbele, sifa nyuma. Maneno yakageuka kuwa ya Kiingereza, mpangilio ukabaki. Ndiyo maana orodha hii karibu yote ni ya sheria, jeshi na ofisi za serikali. Huwezi kuipata jikoni au sokoni.

Jeshini ndiko kwenye mtego, na sisi Wakongomani tunauingia kirahisi. "Major general" wawili ni "major generals". Hapa "general" ndiye mtu mwenyewe, ni jenerali, na "major" inaeleza daraja lake. Cheo hicho kwetu kinaitwa "général-major", maneno yamegeuzwa, na wingi wake ni "généraux-majors". Ukitafsiri neno kwa neno utaandika kitu ambacho Mwingereza hakitambui. Pia "brigadier generals" na "lieutenant colonels". Lakini "sergeant major" ni sajenti, si meja, kwa hiyo "sergeants major". Usitazame neno liko wapi, tazama mtu huyo ni nani.

Mwanafunzi UNILU

Mwalimu, kwa heshima, naomba nipinge kidogo. Nimeona "attorney generals" na "court martials" kwenye kamusi kubwa, zimewekwa kama namna ya pili inayokubalika. Kama kamusi inakubali, kwa nini mnatuzuia?

Na swali la pili. Tufanye nini pale ambapo hakuna jina la kuhesabu ndani ya neno? "Breakdown", "check-in", "grown-up". Nikitafuta kichwa, yaani jina linalohesabiwa, hakionekani.

Mwalimu wa Katuba

Mwanangu, swali la pili umelijibu mwenyewe. Pale ambapo neno limejengwa kwa kitenzi na kielezi, hakuna jina ndani, basi neno zima linachukuliwa kama jina moja, na s inakwenda mwishoni: "breakdowns", "check-ins", "take-offs", "start-ups", "shutdowns", "grown-ups". Hata maua yanayoitwa "forget-me-not" yanakuwa "forget-me-nots", na pembea ya watoto "merry-go-round" inakuwa "merry-go-rounds".

Tofautisha na "passer-by". Humo mna jina: mpitaji. Wapitaji ni "passers-by". "Runner-up" pia ina jina ndani yake, ni mkimbiaji, kwa hiyo "runners-up". Ile -er ndiyo inayokuonyesha kwamba kuna mtu ndani ya neno.

Kuhusu kamusi, ni kweli. Watu wengi wanasema "attorney generals" na lugha inasogea huko, kwa sababu sikio la Mwingereza wa leo halisikii tena Kifaransa ndani ya cheo hicho, linasikia neno moja. Katika mazungumzo sitamzuia mtu. Lakini wewe unaandika mtihani, kesho utaandika barua kwa wizara au kwa mahakama ya nje, na wasomaji wa hati hizo wanatarajia "attorneys general". Hakuna atakayekulaumu kwa kuandika namna ya zamani. Kwa namna mpya, baadhi watakulaumu. Mimi nafundisha ile isiyo na lawama.

Mtafsiri wa Kampemba

Naongeza la "woman doctor", maana liliniletea ubishi na mteja. Wingi ni "women doctors". Maneno yote mawili yanabadilika! Pia "manservant", "menservants". Sisi tunalo lile lile nyumbani: mwanamke, wanawake. Hakuna anayesema "wanamke". Lakini "man-eater", yule simba mla watu, anakuwa "man-eaters", kwa sababu "man" hapo ndiye anayeliwa, si yeye anayehesabiwa. Ukiandika "men-eaters" umeongeza wingi pasipostahili.

Wa Kasumbalesa

Salamu kutoka mpakani. Mimi ni wakala wa forodha, naandika nyaraka hizi kuanzia asubuhi mpaka malori yanapofungiwa geti. Nina maswali ya kazi, si ya shule.

Moja: sisi hatuandiki "bill of lading" kwa urefu, tunaandika B/L. Zikiwa tatu, s naiweka wapi? Kama kanuni ni "bills of lading", je, niandike Bs/L?

Mbili: lori la tani thelathini. Mteja ananiandikia "30-tonnes truck", wakala mwenzangu wa upande wa Zambia anafuta s kila mara na hasemi kwa nini.

Tatu: "customs". Ni moja au nyingi?

Mtafsiri wa Kampemba

Papa, maswali mazuri, na yote matatu nayaona kila siku.

Kifupisho kikishakuwa kifupisho, kinahesabiwa kama neno moja zima, na s inakwenda mwisho wake bila kujali ndani yake mna nini. "Bills of lading", lakini "B/Ls". "Prisoners of war", lakini "POWs". "Members of parliament", lakini "MPs". "Memoranda of understanding", lakini "MoUs". Hapa Kifaransa kinatupotosha, kwa sababu Kifaransa hakiweki s kwenye vifupisho: tunaandika "les ONG" (mashirika yasiyo ya kiserikali), "les PME" (biashara ndogo na za kati). Kiingereza kinaweka: "NGOs", "SMEs". Nimesoma ripoti nyingi za mashirika ya hapa nchini zilizoandika "the NGO are", na msomaji wa nje anabaki kujiuliza ni shirika moja au ni kumi.

Na tafadhali, kwa kifupisho cha wingi usiweke ile alama ya juu. "NGO's" maana yake ni kitu cha NGO moja. "The NGO's vehicles" ni magari ya shirika moja. "The NGOs' vehicles" ni magari ya mashirika mengi. Katika mkataba wa kukodisha magari, nukta hiyo moja ya wino inaamua nani analipa.

Lori sasa. Mwenzako wa Zambia ana haki. Kipimo kikisimama mbele ya jina na kulieleza, kinakuwa kama kivumishi, na mwalimu ameshatuambia kivumishi cha Kiingereza hakibebi wingi. Kwa hiyo "a 30-tonne truck", na yakiwa kumi "ten 30-tonne trucks". Ukikitoa mbele ukakiweka nyuma ya kitenzi, kinarudi kuwa jina na s inarudi: "the truck carries 30 tonnes". Vilevile "a three-year contract" lakini "the contract runs for three years", "a ten-page report", "a five-day visa". Sisi tunafikiri kwa Kifaransa, "un camion de trente tonnes", ndiyo sababu s ile inatoroka na kuingia pasipo pake.

Kwa ujumla neno la kwanza katika muungano wa Kiingereza hupenda kuwa umoja hata kama vitu ni vingi. Duka la viatu ni "shoe shop", haliuzi kiatu kimoja. Mswaki ni "toothbrush" na hausafishi jino moja. Mgodi wa shaba, "copper mine", migodi, "copper mines". Hata "trousers", ambayo haina umoja, ikitangulia neno lingine inapoteza s: mfuko wa suruali ni "trouser pocket".

Kisha kuna kundi lililokataa. "Customs" ni mojawapo. Ina s daima, mbele au nyuma: "customs officer", "customs officers", "customs declaration". Ukiitoa s unapata "custom", ambayo ni desturi, au biashara ambayo wateja wanaliletea duka, na afisa wako wa forodha anageuka kuwa afisa wa mila. Wenzake katika kundi hilo ni "sales manager", "human resources officer", "savings bank", "goods train", "arms dealer", "sports car". Haya hayana kanuni fupi ya kukumbatia yote. Mengi ni maneno ambayo maana yake inahama ukitoa s: "arm" ni mkono, "arms" ni silaha, "good" ni jema, "goods" ni bidhaa. Yashike moja moja kadiri unavyokutana nayo.

Mama Dawa wa Kenya

Mimi ni muuguzi katika komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, nasoma uzi huu na kuna jambo la kwangu. Chupa za dawa za maji zinazotoka upande wa Zambia zina maelezo ya Kiingereza: "two teaspoonfuls". Kijana mmoja wa duka la dawa aliniambia ni kosa, eti iwe "teaspoonsful". Nani ana haki?

Mwalimu wa Katuba

Chupa ina haki, mama. "Spoonful" imekuwa neno moja la kipimo, kwa hiyo "spoonfuls", "teaspoonfuls", "bucketfuls". Ile nyingine ilikuwepo zamani na bado utaiona, ila leo wengi hawaiandiki.

Na kuna tofauti ya kweli ya maana, nzuri kwa mafundi wa ujenzi wanaosoma hapa. "Two bucketfuls of cement" ni kiasi: unaweza kuwa na ndoo moja ukachota mara mbili. "Two buckets full of cement" ni ndoo mbili, zote zimesimama mbele yako, zimejaa.

Dada wa Bel-Air

Bayaya, tuje kwa kampuni sasa, maana kichwa cha uzi kinasema hivyo na mimi ndilo ninalolihitaji. Ni katibu katika ofisi moja inayohudumia migodi. Bosi wangu anataka "Gécamines are". Mshauri wa kigeni anafuta anaandika "Gécamines is". Nikimwandikia huyu, yule anakasirika. Ukweli uko wapi? Na je, kitu cha Gécamines kinaandikwaje, alama ya juu inakaa wapi?

Mtafsiri wa Kampemba

Dada, hapa nitachukua nafasi, mnivumilie, maana ndiyo sehemu ninayoipenda.

Gécamines ni kifupi cha Générale des Carrières et des Mines. Ile s ya mwisho ni ya migodi, "Mines". Migodi ni mingi, kampuni ni moja. Ni hii hii moja iliyochukua urithi wa Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906 na kutaifishwa mwanzoni mwa 1967. Unapoandika kitenzi, hutazami herufi ya mwisho ya jina. Unatazama ni mkataba wa nani, na aliyetia sahihi ni mmoja. "Gécamines is". Ndivyo ilivyo kwa "General Motors is", "Barclays is". Lehman Brothers ilipoanguka Septemba 2008, magazeti ya biashara ya Marekani yaliandika benki moja imeanguka, "Lehman Brothers was", ingawa jina linasema ndugu.

Bosi wako naye hajatunga. Waingereza huruhusu kundi la watu lichukue kitenzi cha wingi pale wanapowawazia watu walio ndani: "the company are moving their offices". Wamarekani hawapendi hivyo kabisa. Ushauri wangu kwa hati zote za biashara ni umoja, na ukishachagua usibadilike. Mkataba unaosema "is" ukurasa wa pili na "are" ukurasa wa saba unampa wakili wa upande wa pili nafasi ya kuuliza kama mnazungumzia mhusika mmoja au zaidi. Na kiwakilishi kifuate: "Gécamines and its partners", si "their".

Alama ya juu: utakuta "Gécamines' plant" na utakuta "Gécamines's plant". Zote mbili zinatetewa na vitabu vya mtindo. Mimi nakwepa: "the Gécamines plant". Jina linasimama mbele kama maelezo, halina haja ya alama yoyote, na hakuna wa kubishana nawe.

Linalonigusa zaidi ni hili: jina la kampuni ni mali ya mwenyewe, uliandike kama alivyoliandika, hata kama sarufi inalalamika. Lloyds Bank haina alama ya juu. Lloyd's of London, soko la bima, inayo. Ni taasisi mbili tofauti, na nukta ile ndiyo inayozitenganisha kwenye karatasi. Sainsbury's wanayo, Harrods hawana. Waterstones, maduka ya vitabu ya Uingereza, walikuwa nayo mpaka mwaka 2012 walipoiondoa, na wapenda lugha wakapiga kelele sana. Kelele hizo hazibadilishi kitu: jina ni lao.

Majina yanayoishia na y pia. Mwalimu alitufundisha "city, cities", "company, companies". Kwa jina maalumu y haiguswi. Simu za BlackBerry zikiwa mbili ni "BlackBerrys", ingawa matunda ni "blackberries". Familia ya Kennedy ni "the Kennedys". Na hapo tena tunatofautiana na Kifaransa, kinachosema "les Dupont" bila s. Kiingereza kinasema "the Smiths", "the Joneses". Sisi tunasema kina Smith, yamekwisha.

Mwanafunzi UNILU

Na kama nataka wingi wa bidhaa yenyewe? Mfano makatapila. Kwa Kiswahili ni rahisi, katapila, makatapila. Kwa Kiingereza "ten Caterpillars"?

Mtafsiri wa Kampemba

Mfano huo umenifurahisha, kwa sababu hapa kwetu ni hatari mara mbili. "Caterpillars" yenye herufi kubwa ni mashine. Yenye herufi ndogo ni viwavi, wale wale tunaowanunua sokoni na kula na bukari. Herufi moja ikiteleza katika orodha ya ununuzi, umeagiza viwavi kumi. Andika "ten Caterpillar bulldozers". Jina la biashara linakaa mbele, halibadiliki, na jina la kawaida linalofuata ndilo linalobeba wingi.

Kampuni zenyewe zinataka hivyo, na sababu yao ni ya kisheria. Jina la biashara likianza kutumika kama jina la kawaida la kitu, mwenyewe anaweza kulipoteza. "Escalator" ilikuwa alama ya biashara ya kampuni ya Otis. Watu wakaita kila ngazi inayotembea hivyo, na mwaka 1950 Otis ikapoteza haki hiyo nchini Marekani. Ndiyo maana LEGO wanasisitiza watu waseme "LEGO bricks", wasiseme "Legos". Watoto wa Marekani wanasema "Legos" hata hivyo, na hakuna anayewakamata. Lakini ukiwaandikia LEGO barua ya kibiashara, ungefanya vizuri kufuata wanavyotaka.

Toyota walifanya kinyume kabisa. Mwaka 2011 waliuliza umma wa Marekani wingi wa gari lao la Prius uweje, watu wakapiga kura, na "Prii" ikashinda. Kampuni ilikubali hadharani. Kwa maoni yangu wanaoandika kwa makini bado ni bora waandike "Prius cars", maana kura haigeuzi mazoea ya wasomaji wa mikataba.

Kunguru wa Kamalondo

Nimesoma yote kimya, sasa na mimi. Mnasema kampuni ni umoja. Na klabu je? Mwaka 2010 TP Mazembe ilifika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia, Abu Dhabi. Ikaitoa Internacional ya Brazil kwa mabao 2-0, ikafungwa na Inter Milan 3-0. Ilikuwa mara ya kwanza klabu isiyo ya Ulaya wala ya Amerika ya Kusini kucheza fainali hiyo, na sisi wa Kamalondo tunaitunza. Vyombo vya Uingereza vinaandika "Mazembe were runners-up". Klabu ni moja, nafasi ya pili ni moja. Kwa nini "runners" wengi? Nataka kuandika ukurasa wa Kiingereza wa historia yetu na sitaki ulegee.

Mwalimu wa Katuba

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu, ndugu.

Mwingereza akitazama timu ya mpira anaona wachezaji kumi na mmoja. Kwa hiyo kitenzi chake ni cha wingi hata yule anayeandika "the bank is" kwenye ukurasa wa biashara: gazeti moja, siku moja, benki ni umoja na Arsenal ni wingi. "Mazembe were", "Mazembe have won". Na kwa kuwa ameshaanza na wingi, cheo kinafuata wingi: "runners-up", kama anavyosema "champions". Hawezi kuandika "Mazembe were champion".

Mmarekani anaanza na umoja na kuumalizia: "Mazembe was the runner-up". Zote ni sahihi. Usizichanganye tu, usiandike "Mazembe was runners-ups". Hiyo s ya pili haina makao popote.

Kwa ukurasa wako ningechagua namna ya Uingereza. Wasomaji wako wa mpira barani Afrika wamezoea hiyo, kuanzia Zambia mpaka Nigeria. Mataji ya 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015 yaandike "African champions", na fainali mlizopoteza 1969 na 1970 "runners-up". Na "TP" (Tout Puissant) usiitafsiri wala kuiwekea kitu, ni sehemu ya jina.

Kunguru wa Kamalondo

Aksanti sana Mwalimu. Nimeelewa. Na wachezaji wetu, "Corbeaux", niwaite "Ravens"?

Mwalimu wa Katuba

"The Ravens", ndiyo, na hapo kitenzi ni wingi kwa Mwingereza na kwa Mmarekani pia, kwa sababu jina lenyewe ni la wingi: "the Ravens were".

Dada wa Bel-Air

La mwisho kutoka kwangu. Vipi kama wingi na umiliki vinakutana katika neno moja? Nina sentensi kuhusu ofisi za makatibu wakuu wawili.

Mtafsiri wa Kampemba

Wingi unakaa kwa kichwa, umiliki unakaa mwishoni kabisa mwa fungu zima. Mmoja: "the secretary general's office". Wawili: "the secretaries general's offices". Ni sahihi lakini inachosha jicho, kama ilivyo "my mothers-in-law's houses". Geuza: "the offices of the secretaries general". Nikiona fungu lenye s mbili za kazi tofauti, nalivunja kwa "of".

Kwa njia hiyo hiyo, "in-laws" ikisimama peke yake bila mama wala baba mbele, s inaingia pale pale mwishoni: "my in-laws". Hakuna kichwa kingine cha kuibeba.

Wa Kasumbalesa

Mimi narudi na orodha ya magari, mniambie nitume au nisitume. "4 Land Cruisers". "2 Mercedes-Benz trucks". "6 30-tonne trailers". "3 B/Ls attached". "2 customs declarations".

Mtafsiri wa Kampemba

"Land Cruisers" ni sawa, ingawa kwa orodha rasmi ningeandika "Toyota Land Cruiser vehicles". Mercedes umeiandika vizuri, neno "trucks" limebeba wingi. Mstari wa tatu namba mbili zimegusana, mtu atasoma mia sita na thelathini: andika "six 30-tonne trailers". Mengine yako sawa. Tuma, papa.